Vina: Uhaba wa Maneno au Uhaba wa Kutafuta?

Ni jambo la kawaida kumsikia mtunzi wa mashairi au wa nyimbo akilalamika kwamba vina vimemkaba. Wazo analo, mizani imetimia, bahari amekwisha kuichagua. Ila neno la mwisho wa mshororo limekataa kufanana na wenzake. Hapo ndipo neno hukatwa mkia, au huongezwa mkia usio wake, au hubadilishwa sauti, na mtunzi akiulizwa hujibu kwamba Kiswahili hakikumpa neno jingine. Jibu hilo limerudiwa mara nyingi hata limezoeleka kuwa ni kweli. Makala haya yanakusudia kulipima, kwa kuwa madhara yake hayaishii katika ushairi. Yanaingia pia katika kazi ya istilahi, ambayo ndiyo kazi ya mwandishi wa makala haya.

Wimbo wa mizania

Tuanze na mfano. Chama kimoja cha ushirika kilitungiwa wimbo wa kuwahimiza wanachama wahudhurie mkutano mkuu wa mwaka na kusomewa hesabu za chama. Mtunzi wake, mzee mwenye sauti nzuri na mwenye kuijua kazi yake, alitaka kutumia istilahi mizania, yaani taarifa ionyeshayo mali, madeni na mtaji wa chama kwa siku maalumu. Lakini ubeti wake ulikuwa umekwisha kusimama juu ya mkutanoni, ofisini na mezani. Kwa hiyo aliiondolea istilahi hiyo silabi yake ya mwisho, akapata mshororo huu:

Chama kina mali gani, tutazame kwa mizani.

Mshororo huo una mizani kumi na sita, nane kila kipande, na vina vyake vimekaa mahali pake. Kwa kanuni zilizozoeleka hauna kosa. Hata hivyo, mizani ni chombo cha kupimia uzito, na katika chama kinachonunua mazao neno hilo si geni hata kidogo. Kila mkulima anaijua mizani, na wengi wana manung'uniko nayo. Wimbo ulipendwa ukaenea. Siku ya mkutano mwanachama mmoja alisimama akadai aonyeshwe hiyo mizani iliyoahidiwa katika wimbo, na mtunza hesabu akadhani kwamba anatuhumiwa kuwapunja watu uzito wa mazao yao. Muda uliotengwa kwa ajili ya kujadili madeni ya chama ukapotea katika kubishania neno.

Nilipokutana na mzee huyo baadaye nilimweleza tofauti ya maneno hayo mawili, ambayo asili yake katika Kiarabu ni moja lakini kazi zake katika Kiswahili zimekwisha kuachana. Hakukasirika. Alinijibu, "Mwanangu, nyinyi mnatuundia maneno, lakini hamtuambii yanaimbika vipi. Nikimtafuta mwenzake mizania, nitampata wapi?" Nilikuwa na kamusi mezani, nami nilitambua papo hapo kwamba kamusi ile isingeweza kumjibu, kwa sababu imepangwa kwa herufi za mwanzo wa neno, na mzee alikuwa anauliza habari za mwisho wake.

Swali la mzee ndilo kiini cha makala haya. Lakini kabla ya kulijibu yafaa tuangalie kwanza ni kitu gani hasa tunachokitafuta tunaposema kwamba tunatafuta kina.

Kasoro ya fasili

Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu kilichotoka mwaka 1954 pamoja na diwani yake, aliviweka vina na mizani miongoni mwa mambo ya lazima katika shairi. Kazi hiyo ilikuwa na manufaa makubwa, kwa maana iliyaandika mambo ambayo kabla yake wengi waliyajua kwa kusikia na kuiga tu. Katika mafundisho yaliyofuata, hasa ya shuleni, kina kimefasiliwa kwa kifupi kuwa ni silabi ya mwisho ya kipande inayofanana na silabi za mwisho za vipande vingine. Fasili hiyo si ya uongo, lakini ni pungufu kwa namna mbili.

Kwanza, inahesabu silabi bila ya kuliuliza sikio. Tuchukue njia na pua. Silabi ya mwisho ya kila moja ya maneno hayo ni vokali a, na kwa kipimo cha silabi moja hivyo ni vina kamili. Lakini ni mshairi gani mwenye sikio atakayeridhika navyo? Atatafuta njia na nia, pua na jua, bila ya kufundishwa na mtu. Vivyo hivyo safari na shauri zinakutana katika -ri, lakini safari na bahari zinakutana zaidi, kwa kuwa zinashirikiana katika -ari. Sababu yake inaeleweka. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na hiyo ndiyo sikio linaloipokea kwa nguvu zaidi. Kina cha silabi moja kimejengwa juu ya silabi isiyokuwa na mkazo.

Mtu ataweza kuuliza: kama ni hivyo, mbona mashairi ya kale yaliridhika na silabi moja na yakapendeza? Jibu ni kwamba yalighaniwa. Mghani anapofika mwisho wa kipande huivuta silabi ya mwisho, na mahadhi huipa uzito ambao matamshi ya kawaida hayaipi. Kwa shairi la kusomwa kimya gazetini msaada huo haupo, na kwa wimbo wa kusemwa kwa haraka haupo vile vile. Ndiyo maana vijana wa bongo fleva, ambao hunena zaidi kuliko kughani, mara nyingi hutafuta ufanani wa silabi mbili au tatu, ijapokuwa hapana mtu aliyewaandikia sheria hiyo. Sikio lao limewaongoza mahali ambapo fasili yetu haijafika.

Upungufu wa pili ni mkubwa zaidi. Fasili hiyo inaviweka katika kapu moja vina vya aina mbili ambavyo thamani yake haifanani. Lugha yetu ni lugha ya viambishi. Kiambishi -ni kinaweza kuliingia karibu kila jina la kitu na kulifanya kuwa mahali. Kinaweza pia kuingia katika kitenzi cha kuwaamuru watu wengi. Kauli ya kutendwa huvipa vitenzi mwisho wa -wa, kauli ya kutendana huvipa -na, na virejeshi hutupa -ye, -lo, -po na wenzake. Mtunzi aandikaye shambani, mjini, sokoni na njiani amepata vina vinne bila ya kutafuta neno hata moja, sarufi imemtafutia. Lakini aandikaye amani, thamani, jirani na shetani ametafuta, kwa sababu -ni hiyo ni sehemu ya neno lenyewe, na hapana sarufi iwezayo kulipatia neno jingine mwisho huo bure.

Napendekeza basi tuwe na istilahi mbili: kina cha kiambishi kwa aina ya kwanza, na kina cha mzizi kwa aina ya pili. Sisemi kwamba kina cha kiambishi ni kosa. Washairi wakubwa wamekitumia, na kinapoolewa na kina cha mzizi, kama nyumbani ikikutana na amani, huleta ladha nzuri, kwa maana sikio linapata ufanani mahali ambapo akili haikuutazamia. Ninalosema ni kwamba shairi lililojengwa kwa vina vya viambishi vitupu halijaonyesha ustadi wa vina hata kama limetimiza sheria zote. Pia linakuwa na hatari yake. Ubeti wa mzee wetu haukuvurugwa na neno mizania. Ulivurugwa na mkutanoni, ofisini na mezani, vina vya rahisi vilivyomfungia njia kabla hajalifikia neno ambalo ndilo lililokuwa kusudi la wimbo wake.

Uhuru wa mshairi na mipaka yake

Watakaomtetea mzee watasema kwamba mshairi ana uhuru wake. Ni kweli. Vitabu vya ushairi vimeuorodhesha uhuru huo na kuupa majina: inkisari, yaani kulifupisha neno, mazida, yaani kulirefusha, tabdila, yaani kuibadili sauti ya neno ili lipatane na wenzake, na kuupindua utaratibu wa maneno katika sentensi, jambo ambalo vitabu vingine huliita kuboronga sarufi na vingine kufinyanga sarufi. Mtu wa istilahi hawezi kuyapita majina haya mawili ya mwisho bila ya kuyatolea neno. Kuboronga ni kuharibu. Tukiuita uhuru wa mshairi kwa jina la uharibifu, tumemhukumu kabla ya kumsoma. Kufinyanga ni kazi ya mfinyanzi, ambaye huukanda udongo ili apate chombo. Jina hilo lafaa zaidi, na ingekuwa vema libaki peke yake.

Lakini uhuru una mipaka, na mpaka wake ni maana. Mshairi anapokata neno ambalo kila msikilizaji analijua, msikilizaji huliunga tena neno hilo akilini mwake, na hapana kilichopotea. Anapokata istilahi ambayo msikilizaji anaisikia kwa mara ya kwanza, msikilizaji hana kitu cha kuungia. Kile kipande alichopewa ndicho atakachokishika kuwa ndilo neno. Na kipande hicho kikiwa ni neno jingine lenye maana yake, kama ilivyokuwa mizani, basi istilahi mbili zimekuwa moja na watu wawili hawaelewani tena. Kwa hiyo kanuni ninayoipendekeza kwa wahariri wa kurasa za mashairi ni nyepesi: neno lililozoeleka na lifinyangwe kwa kiasi, istilahi ngeni isiguswe mwili wake. Kama haikubali kukaa mwisho wa kipande, na ihamishiwe katikati, ambako haidaiwi kina.

Kamusi ya kutokea mkiani

Sasa turudi kwa mzee na swali lake. Nitampata wapi mwenzake mizania? Watu wa lugha nyingine walijiuliza swali la namna hii zamani sana. Huko China kamusi iitwayo Qieyun, iliyokamilishwa mwaka 601, iliyapanga maneno kwa kufuata vina. Kwa upande wa Waarabu, al-Jawhari, aliyeishi katika karne ya 10, aliipanga kamusi yake kwa kufuata herufi ya mwisho ya mzizi wa neno, na utaratibu huo huo ukafuatwa na Ibn Manzur katika Lisan al-Arab, kamusi kubwa aliyoimaliza mwaka 1290. Mpango huo ulimfaa sana mshairi wa Kiarabu, ambaye katika kasida alitakiwa kushikamana na kina kimoja tangu mwanzo hata mwisho. Huko Uingereza, John Walker alitoa mwaka 1775 kamusi iliyoyapanga maneno kwa kuyasoma kinyumenyume, kutoka herufi ya mwisho kwenda ya kwanza.

Kamusi zetu kuu zimefuata njia nyingine. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, ile ya Kiswahili kwa Kiingereza, iliyaweka maneno mengi yaliyonyambuliwa chini ya shina lake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilifuata utaratibu wa herufi za mwanzo. Mipango yote miwili inamfaa mtu aliyekwisha kulipata neno na anayetafuta maana. Haimfai mtu aliye na maana na sauti, naye analitafuta neno.

Hata hivyo, Kiswahili kina bahati ambayo Kiingereza hakina. Tahajia yetu hufuata matamshi. Walker alilazimika kupambana na maneno yaandikwayo sawasawa na kutamkwa mbalimbali. Sisi, maneno yakifanana mkia katika maandishi, kwa kawaida hufanana pia katika sauti. Kwa hiyo kazi inaweza kufanywa na kompyuta kwa muda mfupi: kila neno hugeuzwa, habari ikawa irabah, kisha orodha hupangwa kwa alfabeti, na mwisho maneno hurudishwa katika sura yake. Yatakayokaa pamoja ni maneno yenye mikia inayofanana.

Faida ya orodha ya namna hiyo huonekana mara moja. Tuchukue maneno yaishiayo -mbo. Mtunzi akiambiwa ataje yaliyo karibu na ulimi, atataja jambo, wimbo na tumbo, naye atadhani amekwisha. Yakipangwa kwa mkia yanajigawa yenyewe katika koo tano. Upande wa -ambo kuna jambo, chambo, pambo, mtambo, kitambo, mgambo na ng'ambo. Upande wa -imbo kuna wimbo, jimbo, fimbo na ulimbo. Upande wa -umbo kuna umbo, fumbo na tumbo. Upande wa -ombo kuna chombo na kombo, na upande wa -embo kuna tembo na urembo. Katika orodha hiyo mtunzi anaona mambo mawili kwa pamoja: wingi alioudhani haupo, na mahali ambapo uchache ni wa kweli, ili asianze ubeti wa -embo asioweza kuumaliza.

Yafaa pia kukumbuka kwamba kamusi huandika majina yakiwa bila ya -ni ya mahali, na vitenzi vikiwa katika hali yake ya kawaida. Kwa hiyo orodha itokanayo na kamusi huviacha nje vingi vya vina vya viambishi, na kumwekea mtunzi vina vya mizizi mbele ya macho yake. Vile vile humwonyesha historia ya lugha yake. Akiifungua -ari atakuta bahari, safari, habari, hatari, fahari, johari na tayari, maneno ambayo mengi yametoka Kiarabu. Na ataelewa kwamba uwezo wetu wa vina uliongezeka kila mara lugha ilipopokea maneno mapya. Istilahi za leo zinaweza kuongeza akiba hiyo vile vile. Wapo waliobeza neno runinga lilipoletwa, wakilipenda zaidi televisheni. Sitaki kuufungua tena mjadala huo. Nasema tu kwamba runinga limekuja na ndugu zake tayari, kinga, mzinga na mjinga, na mtunzi aliyelihitaji hakuwa na sababu ya kulikata.

Jambo moja linahitaji uangalifu. Kina ni mali ya matamshi, na matamshi yetu hayafanani kila mahali. Mzungumzaji wa Kimvita hutofautisha t ya meno na t ya ufizi, tofauti ambayo maandishi ya Kiswahili sanifu hayaionyeshi. Wako pia wasemaji ambao dh kwao ni z, au ambao r na l hubadilishana nafasi. Orodha ya Kiswahili sanifu itakuwa ni msaada kwa watunzi hao. Haiwezi kuwa hakimu wao.

Lawama iliyoelekezwa kwa vina

Katika miaka ya 1970 ulizuka mgogoro mkali juu ya ushairi usiofuata vina na mizani, hasa baada ya kutoka Kichomi cha Euphrase Kezilahabi mwaka 1974. Upande mmoja ulisema kwamba tungo hizo si mashairi. Upande wa pili ulisema kwamba vina vimekuwa pingu za fikira. Mulokozi na Kahigi, katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu ya mwaka 1979, walikuwa miongoni mwa walioitetea haki ya mshairi kuchagua umbo la utungo wake. Leo mashairi ya namna zote mbili yanasomwa, na hapana haja ya kuurudia mgogoro wenyewe.

Lakini tukiutazama kwa macho ya mtafuta vina, tunaona kwamba pande zote mbili zilikosa istilahi. Waliovilaumu vina walikuwa na hoja pale walipoona beti baada ya beti ambamo neno limewekwa kwa sababu ya mwisho wake wala si kwa sababu ya maana yake. Waliovitetea walikuwa na hoja vile vile, kwa kuwa walikuwa na masikioni mwao mashairi ambayo kina ndicho kilichomfikisha mshairi kwenye wazo ambalo asingelifikia kwa njia nyingine. Wale wa kwanza walikuwa wanalaumu kina kisichotafutwa, na hawa wa pili walikuwa wanasifu kina kilichotafutwa. Vyote viwili vikiitwa kwa jina moja, ubishi hauwezi kwisha.

Yatupasayo

Kutokana na hayo natoa mapendekezo matatu. Kwanza, fasili ya kina katika vitabu vya shule ipanuliwe: ibaki silabi moja kuwa ndicho kiwango cha chini, lakini mwanafunzi aelezwe kwamba ufanani unaoanzia katika silabi yenye mkazo ni bora zaidi, na afundishwe kukitambua kina cha mzizi na kina cha kiambishi. Pili, kila orodha ya istilahi itakayochapishwa iambatanishwe na orodha ile ile iliyopangwa kwa mkia. Gharama yake ni kurasa chache. Tatu, sisi tuundao istilahi tujizoeze kulitamka neno kwa sauti na kulitafutia wenzake kabla ya kulipeleka kwa wananchi, kwa sababu neno lisiloimbika huenda likabaki katika majalada tu.

Kuhusu mzee wetu, nilimtafutia jibu siku ile ile, tena bila ya kompyuta. Tuliketi tukahesabu kwa vidole: nia, njia, sheria, dunia, tabia, raia, fidia. Alipofika kwenye njia alinyamaza kidogo, akapiga meza kwa vidole kuhesabu mizani, kisha akasema:

Isomeni mizania, mjue fedha na njia.

Nane kwa nane, na neno ni zima. Kilichokosekana kilikuwa ni orodha ya maneno saba.